Ng'ombe wa Mwalimu Masalu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, huko upande wa Kasekese, bibi yangu alinifundisha kwamba ng'ombe hawahesabiwi. Sisi ni Wasukuma; wazee wetu walifika Katavi wakiswaga mifugo, na katazo hilo walikuja nalo. "Ukimnyooshea ng'ombe kidole ukataja namba," bibi alisema, "unakionyesha kifo mahali alipo." Mtu alijua mifugo yake kwa rangi na kwa majina. Akikosekana mmoja, utaona tu.

Mwalimu Masalu alikuwa Msukuma mwenzetu, lakini katazo hilo hakulijali. Alitufundisha hesabu, na alikuwa mfugaji. Kengele ikigongwa yeye alikuwa ameshakamua, na shati lake jeupe lilikuja darasani na harufu ya zizi. Mtoto akija shule hajala, Mwalimu alimtuma nyumbani kwake, nyuma ya uwanja wa mpira, na mkewe alimpa kikombe cha maziwa. Mimi niliyanywa maziwa hayo mara nyingi. Ninalisema hilo mapema ili ijulikane nilimkosea mtu wa namna gani.

Siku moja tulikuwa hatuelewi kuzidisha. Akatutoa darasani, akatupeleka zizini kwake.

"Ng'ombe mmoja ana miguu minne. Nani atanihesabia hawa wote, aniambie miguu yao ni mingapi?"

Sisi watoto wa Kisukuma tuliangalia chini. Aliyenyoosha mkono ni Nestoria, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, walikuwa wakulima, na kwao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kumwogopea. Alipanda kwenye mti wa lango, akanyoosha kidole, akahesabu kwa sauti mpaka ishirini na sita. Akazidisha kichwani, kisha akasema, "Mia moja na nne."

Mwalimu alipiga makofi peke yake. "Huyu atakuja kuwafundisha watoto wenu nyie."

Nilipomsimulia bibi jioni hiyo, aliacha kupepeta mtama. "Masalu amesoma mpaka amepitiliza," alisema. "Haya, tutaona."

Haikupita wiki mbili. Asubuhi moja Mwalimu aliniita pembeni. Lori la kwenda Mpanda lilikuwa linamngoja barabarani, alikuwa ameitwa kwenye semina ya walimu kwa wiki nzima. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu.

"Kabula, wewe unapita kwa bwana mifugo ukirudi nyumbani. Mpe barua hii leo. Mwambie ng'ombe wawili hawajala tangu jana, wana homa. Aje haraka."

"Ndiyo, Mwalimu."

Niliiweka ndani ya daftari la Kiswahili. Saa ya kurudi nyumbani nikakuta wenzangu wanacheza rede njiani, nami nikaingia. Nilicheza mpaka jua likainama. Barua niliikumbuka siku ya pili, nikaona aibu kuipeleka, kwa sababu bwana mifugo angeuliza kwa nini imechelewa. Siku ya tatu aibu ilikuwa imezidi. Siku ya nne nilisikia mizoga inaburutwa kutoka zizi la Mwalimu. Nikaingia chooni, nikaichana barua, nikaitupa shimoni.

Mwalimu aliporudi, ng'ombe tisa walikuwa wamekufa. Alinikuta nikifagia darasa.

"Kabula, barua ulimpa bwana mifugo?"

"Hakuwepo, Mwalimu. Niliisukuma chini ya mlango."

Aliniangalia. Nadhani aliiona usoni mwangu barua ile ilivyochanika. Lakini alisema tu, "Sawa," akatoka nje. Nilimwona dirishani akiwa amesimama uwanjani, ameshika kiuno, anaangalia upande wa kwake.

Bwana mifugo alisema ni ndigana, ugonjwa wa kupe, na kwamba angepata habari mapema angewadunga sindano, wengi wangepona. Wanakijiji hawakuhitaji maneno yake. Walikuwa na maelezo yao. Pale kisimani wanawake walikuwa wanayarudia, bibi yangu akiwa katikati, nami nikafika na ndoo yangu.

"Si wewe ulikuwepo?" mama mmoja akaniuliza. "Ni kweli yule mtoto aliwahesabu?"

Ningeweza kusema ndiyo, nikateka maji, nikaondoka. Hilo lilikuwa linajulikana tayari. Lakini nilikuwa na barua ile tumboni, na nilitaka wote waangalie kwingine.

"Alimnyooshea kidole kila mmoja," nikasema. "Na alikuwa anacheka."

Nestoria hakucheka. Kicheko kile nilikitunga mimi, na ndicho kilichoenda nyumba kwa nyumba. Kesho yake hakuna aliyetaka kukaa naye, hata mimi nilihamia dawati la nyuma. Walisema ana mkono mbaya. Wenye kuku waliwafungia akipita.

Mwalimu alipambana. Alisimama mbele ya darasa akasema, "Ng'ombe wangu wameuawa na kupe. Atakayesema lingine aje aniambie mimi, mwenye ng'ombe." Alienda nyumbani kwa kina Nestoria mara mbili. Niliambiwa baba yake alimjibu kwa heshima: "Mwalimu, wewe hatuna neno nawe. Lakini sisi hapa bado tunaitwa wageni. Siwezi kungoja mpaka nyumba ichomwe." Mwezi ule ule walihama, wakaenda Kapalamsenga, ziwani. Nestoria hakuandikishwa shule tena.

Mimi nilimaliza shule. Mwalimu Masalu alinifundisha mpaka darasa la saba na hakuniuliza tena habari ya barua. Ng'ombe wake waliongezeka upya, polepole, na watoto wenye njaa waliendelea kunywa maziwa kwake. Nilijiambia kila likizo kwamba nitaenda kumwambia. Nilienda mwaka huu, msibani kwake.

Nestoria alikuwepo. Alikuwa amesafiri kutoka ziwani, amekaa na wanawake nyuma ya nyumba, anachambua mchele. Alinijua kabla sijamjua, akanikumbatia.

"Nilikuwa nakuja kumwomba msamaha Mwalimu," aliniambia. "Nimechelewa."

"Msamaha wa nini?"

"Wa wale ng'ombe wake waliokufa. Nilikuwa mtoto, sikujua kama mkono wangu uko hivyo." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja ugonjwa aliozaliwa nao. "Nina mbuzi sasa. Kuwahesabu namwachia mume wangu."

Nikamwomba tusogee pembeni, nikamwambia yote: rede, barua, choo, kisima, kicheko. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa natamani anitukane. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaza kanga yake kiunoni.

"Kwa hiyo ningesoma?" akauliza.



Nikisimulia mambo ya kwetu, watu wa mjini hucheka, wanasema ushirikina ndio unaotumaliza. Sicheki nao. Bibi yangu aliamini alichosema, na kwa imani hiyo alikuwa anaogopa kweli kwa ajili ya ng'ombe wa Mwalimu. Mimi sikuamini. Katika kijiji kizima mimi peke yangu nilijua kwa nini wale ng'ombe hawakutibiwa, na nilikuwa na miaka kumi tu, lakini nilijua vizuri kabisa ninamsingizia nani, na kwa nini yeye ndiye atakayeaminiwa kuwa mbaya.

Nestoria alirudi kwa wenzake, akachukua ungo wake. Palikuwa na nafasi kwenye mkeka, karibu naye. Nilisimama palepale mpaka wakaita watu wa kwenda makaburini.