Kaye yangu kwenye bariere ya Kalundu

Leo neno moja la Kidenmark karibu linifanye jasusi.

Nilikuwa kwenye foleni ya bariere, kile kizuizi cha barabarani, Kalundu, pamoja na wamama wanaouza samaki wadogo, ndagala. Mwenye bunduki anayelinda pale akafungua kaye yangu, daftari la masomo. Akakuta neno refu, børnehavepædagog, nimelikatakata kwa mistari, na chini yake namba saba.

"Hizi saba ni nini? Unahesabu mitumbwi yetu?"

Nikamwambia ni silabi. Dada yangu iko Denmark, ananifundisha kwa simu. Kule wanaunganisha tu: watoto, bustani, mlezi, yote neno moja. Ndiyo kazi yake, kulea watoto wadogo.

"Weye unajua sana."

Hapo ndipo niliogopa.

"Soma."

Nikasoma kama tulivyofundishwa shule ya primeri, kwa kupiga makofi. Bør. Ne. Ha. Ve. Pæ. Da. Gog. Wamama wakatua mabeseni, wakapiga pamoja nami. Mwenye bunduki alihesabu kwa vidole. Hakucheka.

Akatuacha tupite. Lakini alichana jalada la kaye, lile lenye namba ya simu ya dada, akalitia mfukoni.

Sasa hivi dada ameniandikia:

"Kuna muntu wa huko kwetu Uvira amenipigia. Anasema mnasoma pamoja. Anauliza na yeye afanye nini apate kufika huku."

Dada akamwambia basi asome lile neno. Akalisoma kwenye simu, kwa kichwa tu, na makofi yake saba, hakukosea.

Dada anasema tumusaidie. Miye simuamini.

Kesho asubuhi napita tena palepale kwake, kwenye bariere. Nimusalimie namna gani?