Hajafa Mtu

Mwaka wangu wa pili chuoni, hapa Mtwara, nilichoka kufika darasani nikihema kama nimebeba gunia, kwenye ngazi ambazo wenzangu walizipanda wakipiga soga. Nikanunua raba za mtumba sokoni Chikongola. Asubuhi iliyofuata nikaanza kukimbia kuelekea Shangani, nimejifunga kanga juu ya trekisuti ili mwili wangu usikodolewe macho.

Kanga ndiyo iliyoniponza. Mama mmoja muuza maandazi kando ya barabara aliniona, akaacha karai lake motoni, akanifuata mbio.

"Mwanangu, nani kafa?"

Kwake, mwanamke mwenye kanga hakimbii asubuhi yote ile bila msiba.

"Hajafa mtu, mama. Nafanya mazoezi."

Alinitazama juu mpaka chini, akacheka mpaka akashika kiuno. Nilikasirika. Kesho yake nikaiacha kanga chumbani, nikapita palepale makusudi.

"Hajafa mtu leo?" akauliza.

"Hajafa!" nikamjibu bila kusimama.

Ikawa ndiyo salamu yetu, hata siku ambazo nilikimbia kwa hasira tu.

Baada ya wiki nyingi nilipima uzito zahanati, nikakuta kilo ni zilezile. Asubuhi yake nilipita kwa mama yule nikitembea, kichwa chini. Safari hii hakucheka. Alisimama na mwiko mkononi, uso umembadilika.

"Mwanangu, nani kafa?"

Nikainama, nikakaza kamba za raba, nikakimbia.