Nywele nilizofunga kwenye pindo la leso zilivyofanya niitwe mchawi Jeddah

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa humu na wa ughaibuni.

Nimesoma nyuzi nyingi hapa za ushauri kwa wanaokwenda Saudia. Weka kopi ya pasipoti kwa ndugu, jifunze Kiarabu cha jikoni, usibishane na madam. Yote ni kweli kabisa.

Lakini kuna jambo moja sijaliona kwenye uzi wowote, na ndilo lililotaka kunimaliza. Naandika kama lilivyotokea. Sitaongeza chumvi, iliyomo inatosha.

Mimi naitwa Mersi, Mkenya wa Taveta, pale mpakani, kwa hiyo Kiswahili changu kina uraia wa nchi mbili, msinicheke. Nilikwenda ile miaka ya 2010 na kitu, wakati kila mtaa una agent na kila ukoo una binti anayesubiri viza.

Kwenye training ya agent tulifundishwa kupiga pasi kanzu, kutumia mashine ya kufua na kuitikia "naam, madam". Habari ya vitu ambavyo watu wa kule wanaviogopa, hakuna aliyetuambia hata neno.

Nikafikia Riyadh. Nyumba ina madam, ambaye ni mwalimu, na baba, ndivyo tunavyomwita bosi mwanamume. Baba ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilikuwa mkononi mwake. Halafu kuna Rima, binti yao wa pekee, ndiyo kwanza ameanza shule.

Sitawapaka matope. Nilikula walichokula wao, chumba changu kilikuwa na dirisha, na Jumapili nilisali kimya kimya kitandani bila kuulizwa. Wenzangu walioenda kule wanajua hiyo ni bahati kiasi gani.

Sasa njooni kwenye nywele.

Nyanya yangu (Watanzania mnasema bibi) alinilea kwa sheria moja. Ukichana nywele, zile zinazobaki kwenye kitana huziachi ovyo. Unazikusanya, unazifukia mahali unapopajua wewe. Mtu mwenye kijicho akizipata amekupata wewe mzima. Dada zangu wengi wa kwetu mmelelewa hivyo hivyo, msijifanye wa mjini.

Riyadh nitafukia wapi? Ua wote umewekwa marumaru, na getini sitoki. Kuzitupa kwenye pipa siwezi, pipa ni la mtaa mzima. Kuzichoma, harufu itamfikia madam sebuleni.

Basi nikawa nazifunga kwenye pindo la leso yangu (Watanzania mnasema kanga), fundo juu ya fundo, nikaiweka chini kabisa kwenye begi. Nikasema nikirudi Taveta nitazifukia nyuma ya jiko la nyanya.

Kosa likaja pale nilipompenda mtoto.

Rima alikuwa na nywele mpaka kiunoni, na kazi ya kuzichana ilikuwa yangu. Siku moja madam alitupeleka soko la Dirah kununua manukato, nikamnunulia Rima kitana cha mbao, na toka hapo hakutaka kuchanwa na kingine. Nywele zake zikibaki kwenye kitana ningeziacha zizagae? Mtoto wa watu? Nikawa nazifunga pamoja na zangu.

Mwenyewe akazoea. Nikimaliza kumsuka anazichomoa kwenye kitana, anazisokota kidogo, ananiwekea kiganjani. Nilimwonyesha kwa ishara na Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba tunazificha watu wabaya wasizipate. Akawa ananiletea hata zilizodondoka kwenye mto.

Hapo akili yangu ilikuwa wapi? Wakuu, nawaapia, sikuona ubaya wowote. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Likizo ya shule ikafika. Tukaenda Jeddah kwa mama yake madam, mama mtu mzima anayeishi nyumba ya zamani karibu na Kandara, mtaa uliojaa vibanda na wageni wa kila rangi. Nilifurahi, maana kutoka roshani nilisikia watu wakiongea Kiswahili chini barabarani.

Hatukukaa sana Rima akaumwa. Homa kali, chakula hataki, analala mchana kutwa akilalamika shingo. Wakampeleka kwa daktari, akapewa dawa, wakaambiwa wasubiri. Madam akawa hali wala hakai.

Sasa chukueni hii kama ushauri wa bure: kwenye nyumba nyingi za kule, mtoto akiumwa au kitu kikipotea, begi la kwanza kupekuliwa ni la mfanyakazi. Hata kama mnapendana. Nilikuwa jikoni namchemshia Rima supu, mchana wa jua kali, nikasikia ukelele ambao sijapata kuusikia tena.

Nikadhani madam kaona mende. Nikaenda mbio na ndala mkononi nimuue.

Nikamkuta amesimama katikati ya chumba, begi langu limemwagwa, leso yangu iko sakafuni na fundo moja limefunguka. Nywele zangu za kipilipili, na katikati yake zile ndefu za Rima. Hata kipofu angejua ni za nani.

"Sihiri! Sihiri!"

Neno hilo halihitaji mkalimani.

Kwa wasiojua: kule uchawi si maneno ya umbea kama kwetu. Ni kesi. Ukipatikana na hatia unaweza kukatwa kichwa. Na ushahidi wanaoutafuta ni vitu kama hivyo hivyo, nywele za mwenye nyumba, mafundo, nguo za ndani, picha.

Yaani mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikuwa nimejitengenezea ushahidi na kuutunza vizuri chini ya begi!

Nikapiga magoti. "Madam, mafi sihiri! Wallahi mafi!" Yaani hakuna uchawi, wallahi hakuna. Mimi Mkristo naapa wallahi, fikirieni nilipokuwa nimefika. Baba akaja, akatazama ile leso bila kuigusa. Akaninyang'anya simu. Akasema neno polisi.

Wakanifungia stoo, kwenye magunia ya mchele.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba sikuwa na maneno. Kiarabu changu kilikuwa cha osha, leta, yalla (haya, twende), halas (basi, imekwisha). Utamwelezaje mtu kwa maneno hayo kwamba nywele za mwanawe nilizificha kwa kumpenda? Nilikaa mle nikitafuta neno la Kiarabu la "kulinda". Sikuwa nalo. Nililia mpaka nikaanza kuona nyanya yangu anaambiwa redioni kuwa mjukuu wake ni mchawi.

Aliyenisaidia ni yule mama wa madam. Nilimsikia akibishana na baba, na baadaye nikaambiwa alikuwa anasema kabla ya polisi aje kwanza jirani yake anayejua lugha yangu.

Jirani huyo alikuwa Bi Salama, mtu wa Unguja. Wazazi wake walihamia Jeddah wakati wa mapinduzi, yeye akiwa mtoto wa kubebwa. Alikuja na baibui lake, akavuta kigoda hadi mlangoni pa stoo. Sauti yake ilipopita mlangoni nilihisi mtu kanifunika blanketi.

"Mwanangu, usilie. Nambie kweli yako, uongo hautokufaa hapa. Nywele umezifunga wewe?"

"Ni mimi, Bi."

"Umezisomea kitu? Umepewa na mtu uzifanye vile?"

"Hapana, Bi. Nyanya yangu alinifundisha zisitupwe. Za mtoto nilizificha asije akazipata mtu mbaya."

Kigoda chake kikakwaruza sakafu. Nikadhani anaondoka, nikajua nimekwisha.

Kisha akasema, "Subhanallah. Mama akinihadithia, hata marehemu bibi yangu wa Makunduchi alikuwa hatupi nywele. Akizifukia chini ya mkomamanga."

Akawaambia kwa Kiarabu, kirefu. Wakanitoa. Baba hakuridhika, uso wake ulikuwa umefunga. Akataka mafundo yote yafunguliwe mbele yake, na niyafungue mimi.

Wakuu, nimewahi kupika kwa ajili ya matanga ya watu mia na sikushindwa. Lakini yale mafundo nilikuwa nimeyakaza kwa meno, vidole vikashindwa, nikayafungua kwa meno hayo hayo. Kila fundo likifunguka baba anainama kutafuta sindano, karatasi yenye maandishi, hirizi. Hakuna kitu. Nywele tupu, zangu na za Rima, zimekumbatiana.

Mama wa madam akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa zito. "Zako tumeelewa. Za mtoto je, zinakuhusu nini?"

Bi Salama akanitafsiria, akasubiri apeleke jibu. Nikajibu mwenyewe kwa maneno niliyokuwa nayo: "Rima, binti mimi."

Nikadhani nimeharibu zaidi, maana nimedai mtoto wa watu mbele ya mama yake.

Ndipo Rima akatokea mlangoni, kajifunga shuka, macho mekundu kwa homa. Makelele yalikuwa yamemwamsha. Akaona nywele zimetandazwa sakafuni, akakasirika. Akamwambia mama yake, Bi Salama akinitafsiria, "Kwa nini mmezifungua? Mimi ndiye nampa azifiche. Sasa watu wabaya wataziona."

Madam akakaa chini pale pale kwenye marumaru, akalia kwa sauti.

Baadaye Bi Salama aliniambia alichokuwa anasema madam katikati ya kilio. Kumbe toka siku niliyoingia kwake, kila usiku alikuwa anafagia chumba cha mwanawe mwenyewe, nisije nikaokota nywele zake.

Hapo nilishangaa kuliko pote. Yeye anaogopa nywele za Rima zisichukuliwe. Mimi naogopa nywele za Rima zisichukuliwe. Tunaishi nyumba moja, tunaogopa kitu kimoja, na wa kukatwa kichwa ni mimi peke yangu!

Nilikuwa na hasira wakuu, sitawaficha. Mpaka leo ninayo kidogo.

Polisi hawakuitwa. Lakini baba alisema hawezi tena kulala na mimi nikiwa chini ya paa lake, na kwa kuwa yeye ni kafili, akisema halas ni halas. Akaandaa nirudi nyumbani, nikitokea hapo hapo Jeddah. Zile nywele Bi Salama alizichukua mbele ya wote, akaenda kuzifukia kwenye chungu cha mrehani wake.

Rima alipona. Ilikuwa mafindofindo tu ya koo, dawa ilipokolea akaomba biskuti. Hakuna aliyeniomba radhi kwa hilo, na sikutegemea.

Uwanja wa ndege walinisindikiza wote watatu. Baba mbele na karatasi zangu, madam nyuma, kamshika Rima mkono. Nikapiga magoti kumuaga mtoto. Akanikumbatia shingoni, akanishika mkono, akaufumba.

Nilijua ni nini kabla sijatazama. Vidole vinajua.

Alikuwa amejichana mwenyewe asubuhi ile, kwa kile kitana cha Dirah, akazisokota kama tulivyozoea. Anataka niondoke nazo.

Jamani. Mbele yangu kuna askari wa ukaguzi. Nyuma yangu kuna baba aliyekuwa karibu kuniita mchawi kituoni. Na kiganjani nina nywele za binti yake, zimesokotwa.

Kuzidondosha sakafuni siwezi, mtoto ananitazama. Kwenda nazo siwezi.

Nikasimama, nikamwendea madam. Nikafungua kiganja mbele yake. Neno la "kulinda" bado sikuwa nalo.

Madam aliziangalia. Akamwangalia mwanawe. Baba alikuwa ametupa mgongo, anaongea na mtu wa kaunta.

Akazichukua. Akavuta ncha ya mtandio wake mweusi, akaziweka pale, akafunga fundo. Akalikaza kwa meno, vile vile ninavyofanya mimi, vile vile anavyofanya nyanya yangu.

Kisha akanisukuma taratibu begani. "Yalla, Mersi. Yalla."

Nikapita ukaguzini mikono mitupu.

Ushauri wangu kwa anayekwenda ni huu. Mila yako iache kwenye mlango wa ndege, hata ile nzuri, hasa ile nzuri. Usifunge kitu, usifiche kitu, usichukue hata uzi wa mtoto wa watu kwa ukumbusho. Nywele zako zitie kwenye mfuko wa taka madam akiona. Na ukifika mji wowote, ulizia mapema ni nani anajua lugha yako. Mimi kama si Bi Salama, uzi huu ungeandikwa na mtu mwingine.

Sasa nanyi semeni. Ni tabia gani ya nyumbani kwenu ambayo kwenu ni upendo na ugenini ni kesi? Iandike hapa chini hata kama unaona ni ndogo. Kuna dada yuko training leo, anafundishwa kupiga pasi kanzu, na begi lake limeshafungwa.