Uso Mtupu Kwenye Njia ya Kilema

"Nani amesema utoboe, kaka Godi? Hakuna aliyesema utoboe."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu asubuhi ile barazani kwetu Pasua, Moshi mjini, chai ikiwa bado mkononi. Alikuwa ameniambia kwamba kutoboa bampa ya gari kama ile ni sawa na kumtoboa mtu pua kwa msumari. Nikamwambia kuna chuma kinachofungwa kwenye lile tundu la mbele, la kuchomeka ndoano ya kuvutia gari ikikwama. Pleti namba inakaa hapo, na bampa haiguswi. Nilikuwa nimeshamtafutia na picha kwenye simu.

"Itakaa upande," akasema. "Itaonekana kama mtu amevaa kofia vibaya."

Kaka Godi ni mtoto wa baba mkubwa. Anaishi Dar, na mwaka huu amenunua gari ya spoti, nyekundu, viti viwili, ya chini mpaka ukikaa unajisikia uko kwenye kigoda cha jikoni. Nyuma ameifunga namba vizuri. Mbele hakuna kitu. Pua ni laini kama yai, halafu chini kuna mdomo mweusi wa kuingizia hewa. Pleti ya mbele ameilaza kwenye dashibodi, nyuma ya kioo, na kwake yeye hapo sheria imeshatimia.

"Inaonekana au haionekani, mwanasheria?"

Ananiita mwanasheria kwa sababu nasomea leseni. Kitabu chetu cha udereva kinasema namba iwe mbele na nyuma, ifungwe nje ya gari, isomeke, isifunikwe. Nilimsomea. Akapiga miayo.

Safari yenyewe ilitokana na Bibi. Kwetu ukirudi nyumbani Krismasi na kitu chenye injini, lazima ukipeleke mpaka uani kikaombewe kabla hujaondoka nacho. Bibi yuko Kilema na magoti yake hayamruhusu kushuka mjini, na Godi alikuwa anaondoka kwenda Dar kesho yake alfajiri. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi. Nilikubali kumsindikiza kwa sababu nampenda Bibi, na kusema ukweli nilitaka pia kukaa kwenye ile gari. Ningekataa vipi?

Saa tatu tulikuwa tumepita Kiboriloni, na mlima ulikuwa bado haujajifunika. Watu walisimama kutuangalia, wengine walitoa simu. Godi alipunguza mwendo ili wapige picha vizuri.

Kabla ya Himo trafiki alitusimamisha. Mama mmoja mnene, mweupe kwa sare yake. Alizunguka mbele ya gari, akainama, akainuka.

"Mangi, gari yako haina jina?"

"Lipo kwenye kioo, afande."

Akasogeza uso, akaweka kiganja juu ya macho. "Mimi naona mawingu."

Godi akacheka, afande hakucheka. Alimwandikia faini, akamwambia aifunge ile namba kabla hajaingia tena barabarani. Godi alimjibu "ndiyo afande" kwa adabu zote. Tulipoondoka akasema, "Nimeshalipia njia. Sasa twende kwa amani." Nilikasirika. Mtu akishaiona faini kuwa nauli, utamwambia nini?

Pale Himo tuliiacha barabara ya Holili, tukapanda ile ya Marangu, kisha tukakata kushoto kwenda Kilema. Huko ndiko nilikoijua vizuri gari ya spoti. Kila tuta nilishuka. Nilitangulia mbele, nikachuchumaa kuangalia tumbo lake, nikamwongoza Godi kwa mikono apite kimshazari. Wamama waliokuwa wanatoka shambani walisimama kunionea huruma.

"Dada, si bora ungekuja kwa miguu tu?"

"Nimekuja kwa miguu, mama," nikawaambia.

Karibu na saa sita tukaingia njia ya kwetu. Ni nyembamba, migomba huku, migomba huku, na mimea ya masale imepandwa mstari pande zote mbili kuonyesha kihamba cha nani kinaishia wapi. Gari ikishaingia haigeuki. Inaenda mpaka mwisho, kwa Bibi, karibu na korongo, halafu inatoka kinyumenyume mpaka barabara kubwa. Ndivyo ilivyo tangu nimezaliwa, na sijawahi kuona ajabu yoyote.

Hatukufika mbali. Mbele ya nyumba ya Mama Manka, jirani wa Bibi, watu kama kumi walitoka, wakasimama katikati ya njia. Baba Manka, mumewe, ndiye alikuwa mbele, na panga la kukatia majani ya mgomba.

"Shikamoo baba," Godi akasema.

"Marahaba. Zima gari kwanza."

Akazima. Baba Manka akatuambia wiki iliyopita mke wake amegongwa palepale, akitoka korongoni na mzigo wa majani ya ng'ombe. Mguu umevunjika. Aliyemgonga hakushuka. Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani akapotea. Mama Manka anakumbuka vitu vitatu tu: nyekundu, mdomo mweusi, na haina namba.

Wote tukaangalia mbele ya gari ya Godi.

"Baba, mimi wiki iliyopita nilikuwa Dar," Godi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na huyo aliyegonga, ukimuuliza, atasema alikuwa mahali."

"Ni kweli, baba, amefika juzi," nikasema.

"Wewe si dada yake?"

 Kijana mmoja akasema tusipoteze muda, ipigwe simu polisi. Mwingine akasema kwanza zitolewe upepo tairi. Baba Manka akawanyamazisha, akaingia ndani. Wakamtoa Mama Manka juu ya kiti, wanaume wawili wamembeba, mguu umefungwa plasta mpaka kwenye goti. Wakamweka mbele ya gari.

Aliiangalia muda mrefu. Godi alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kama mama yule angesema "ndiyo hii", sijui tungetokaje pale, na hata tukitoka, Godi asingekuja tena Kilema na kichwa juu. Huku jina likishachafuka, linakusubiri kila Krismasi.

"Siyo hii," Mama Manka akasema. "Ile ilikuwa juu kidogo. Hii imelala." Watu wakashusha pumzi. Kisha akaongeza, "Lakini mdomo ni huohuo. Mtupu."

Wakatupisha. Godi akanong'ona, "Umeona? Nimesafishwa."

Bibi alitusubiri mlangoni. Aliitazama gari, akaizunguka, akamgeukia Godi. "Hii ni nusu. Nusu nyingine umeiacha Dar?" Tukacheka mpaka machozi, nadhani kwa sababu ya woga uliobaki. Alikataa kukaa ndani. "Nikiingia humo mtanitoa kwa jembe." Lakini aliweka mkono juu ya pua yake, akaiombea kwa Kichagga, maombi marefu, na Godi akafumba macho kweli. Tukala mtori. Baadaye Godi akaondoka na gari kwenda kupiga picha mbele ya kanisa la misheni.

Kama saa tisa Bibi akaniambia leo ni zamu yetu ya kumlisha ng'ombe wa Mama Manka. Ng'ombe wa kwetu haendi malishoni, anakaa bandani na chakula kinamfuata, na mwenye ng'ombe akiumwa majirani hupokezana. Nikashuka korongoni, nikakata majani, nikafunga mzigo, jirani akanitwika.

Nilikuwa nimesahau. Miaka ya shule ya bweni inasahaulisha. Majani mabichi ni mazito, yanakulazimisha kukaza shingo, na yananing'inia mbele ya macho mpaka kwenye pua. Huwezi kuinua kichwa. Unaona miguu yako, njia, na hatua chache mbele, chini tu.

Nikasikia injini. Sikuona kioo wala dereva, wala ile pleti ya kwenye dashibodi. Niliona wekundu, na mdomo mweusi, unanijia usawa wa magoti. Nilijibana kwenye masale mpaka yakanikwaruza shavu. Gari ikasimama. Honi ikalia.

"Ni mimi, Ndeshi! Mbona unakimbia?"

"Ningejuaje ni wewe?"

"Gari nyekundu hapa ziko ngapi?"

"Angalau mbili!"

 Njia haikututosha wote wawili, ikabidi arudi nyuma. Akarudi taratibu, mimi namfuata na mzigo wangu, na njia nzima ile gari ilikuwa inanitazama. Haikunionyesha kisogo hata mara moja. Ile namba ya nyuma, iliyofungwa vizuri, ilikuwa inasomwa na migomba.

Nilipofika kwa Mama Manka nikautua mzigo mbele ya banda. Alikuwa bado yuko nje kwenye kiti.

"Aika, mae," akanishukuru. "Nimesikia honi. Umekutana nayo?"

"Ndiyo, mama."

"Umeona nini?"

"Mdomo."

Akatikisa kichwa. "Polisi waliniuliza namba, nikaona aibu. Waliniuliza mara ya pili polepole, kama mtu asiyejua kusoma. Nimesoma mpaka la saba, mwanangu. Hakukuwa na cha kusoma."

Nilirudi njiani, nikamwita Godi. Nikamwambia ashuke, abebe yeye mzigo wa pili uliobaki korongoni, halafu mimi nikae ndani ya gari, aone mwenyewe. Akaangalia shati lake jeupe.

"Nimeelewa bila kubeba."

"Hujaelewa."

"Ndeshi, usinifanyie mtihani."

Mzigo wa pili nikaubeba mimi.

Jioni tulishuka. Kila tuta nilishuka na kupanda, mpaka taa za Himo. Hapo nikamweleza yale aliyosema Mama Manka, neno kwa neno. Hakunitania. Alizima redio. Kisha akasema, "Yule mama angekosea kidogo tu leo, ningekuwa wapi sasa hivi?" Nikadhani hatimaye tumeelewana. Halafu akasema, "Nitaifunga nikifika Dar. Kuna fundi wangu pale, anazijua hizi gari."

Dar! Toka hapa mpaka Dar kuna Same, kuna Korogwe, kuna watoto wangapi wanaovuka barabara, kuna wamama wangapi wamebeba kitu kichwani. Godi siyo mtu mbaya. Yule aliyemgonga Mama Manka labda naye siyo mtu mbaya, labda aliogopa tu, na uso mtupu ukamrahisishia kukimbia.

Hata mimi nina la kukubali. Asubuhi nilibishana kwa sababu nilijua jibu la kitabu na nilitaka kushinda. Sikuwahi kujiuliza ile namba ya mbele ni ya nani. Nilidhani ni ya trafiki. Kumbe ni ya mtu aliyesimama mbele yako, ambaye mzigo umemziba macho na hana pa kukupisha, na kama ukimuumiza amebakiwa na kitu kimoja tu cha kukushika nacho.

Sasa hivi ninavyoandika Godi amelala. Fundi wa hapa mtaani nimeshampigia, anacho kile chuma, anasema ni kazi ya muda mfupi. Kesho nitaamka kabla ya jogoo. Nitaitoa ile pleti kwenye dashibodi wakati anapakia mizigo, halafu nitakwenda kusimama getini, mbele ya gari, nimeishika kifuani. Geti letu ni jembamba na nyuma kuna ukuta. Nitamwambia yuko huru kwenda Dar, ila tunapitia kwa fundi kwanza, na akipiga honi sitasogea.