Kibonye Kimoja cha Bi Aaltje

Bi Aaltje Brandsma alikuwa fundi wa piano, na hakuwahi kumsamehe mtu aliyeweka kikombe cha kahawa juu ya piano. Kazi aliirithi kwa baba yake pamoja na baiskeli, spana ya kukazia nyuzi, na tabia ya kumung'unya peremende ya mnanaa huku amefumba macho akisikiliza. Miaka thelathini aliizunguka Amsterdam, makanisani na kwa mabibi wenye mapazia mazito, wote wakimheshimu. Kisha akaajiriwa kwenye ukumbi wa jazi kando ya mfereji, na huko akakutana na Siebren, mpiga piano.

Siebren na wenzake walikuwa na sharti moja tu: hakuna kupanga. Kila Jumapili alasiri walipanda jukwaani mikono mitupu, mmoja akaanzisha kitu, na yeyote alikuwa na ruhusa ya kukiharibu. Wimbo uliofika mwisho salama waliuonea aibu. Koos, mpiga ngoma, alipiga sanduku la jibini, kiti, sakafu, na siku moja kipara cha mpiga tromboni. Mpiga tromboni naye aliwahi kushuka katikati ya wimbo, akaenda barabarani kununua samaki wa vitunguu, akarudi na kuendelea pale alipoachia. Watu walishika mbavu. Siebren yeye alipiga piano kwa viwiko.

Bi Aaltje naye alicheka, tusimsingizie. Mara ya kwanza alicheka hadi peremende ikamtoka kinywani. Kilichomuuma ni kwamba kila Jumapili asubuhi alilinganisha nyuzi zaidi ya mia mbili, uzi kwa uzi, halafu mtu anakuja kuzilalia kwa viwiko. Nani angejua kama kazi imefanyika? Heri kumpigia mbuzi gitaa. Mbuzi angalau hutikisa masikio.

"Siebren, mwanangu," alimwuliza siku moja, "hivi nikiacha kuja, utajua?"

"Bi Aaltje, bila wewe mimi si kitu!"

"Hayo kamwambie mkeo."

"Keshamwambia," Koos akadakia. "Hakuamini."

Wakacheka wote, ila yeye swali lake lilikuwa la kweli, na halikujibiwa.

Basi Jumapili moja ya Machi akatega mtego. Alilinganisha piano yote kama kawaida, kisha akarudi kwenye kibonye kimoja cha noti ya re, karibu na katikati, akalegeza nyuzi zake kidogo tu. Ikatoa sauti chungu kama maziwa yaliyolala juani. Akajiapiza: Siebren asipogundua, spana inarudi mkobani na ukumbi huu hautaniona tena.

Alasiri akakaa safu ya pili, mikono kifuani. Wakaanza. Koos akaburuta kiti, saksafoni ikakoroma, viwiko vikashuka. Bi Aaltje alimkazia macho Siebren, akingoja akunje uso japo kidogo. Wapi! Jamaa anatabasamu tu, anarusha mipira ya tenisi ya mezani juu ya nyuzi, anazunguka kwenye kigoda chake. Nusu saa ikapita. Machozi yakamlenga Bi Aaltje, akainama kuchukua mkoba wake.

Akiwa ameinama hivyo, amefumba macho, ndipo masikio yakamzindua. Ile sauti chungu hajaisikia hata mara moja.

Akainuka, akatazama vizuri. Kiwiko cha kushoto kiliishia kibonye kimoja chini ya re. Cha kulia kilianzia kibonye kimoja juu yake. Katika vurugu lile lote, mtu yule alikuwa akikiruka kibonye kimoja kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Siebren akamwona anatazama. Akanyoosha kidole kimoja, akaigonga re peke yake. Wenzake wakanyamaza. Akaigonga tena. Na tena.

"Bi Aaltje," akaita, uso mkavu, "kuna mtu kaniachia zawadi humu ndani."

"Tangu lini umeijua?"

"Tangu nilipoketi kujaribu vibonye, kabla watu hawajaingia. Njoo basi, mama. Mkono wangu unachoka."

Akapanda. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, naye hajali. Akatoa spana, akaanza kukaza huku Siebren anagonga. Sauti ikawa inapanda polepole, saksafoni ikaifuata nyuma kwa kunung'unika, tromboni ikaifuata saksafoni, na Koos akawa anahesabu kila mzunguko wa spana kwa kijiti juu ya sanduku la jibini. Re ilipofika mahali pake, watu wakasimama kupiga makofi. Bi Aaltje akaifuta spana kwa kitambaa huku anatabasamu.

Lakini mwanamke yule naye alikuwa na lake. Kabla hajashuka, akaiinamia piano kana kwamba anachukua kitambaa chake, akazungusha spana kwenye nyuzi za kibonye kingine kabisa, akarudi safu ya pili na kutia peremende mpya kinywani.

Siebren akashusha viwiko. Sauti chungu ikamfanya aruke kidogo kwenye kigoda. Akamtazama Bi Aaltje, Bi Aaltje akatazama dari.

Ikambidi Siebren akunjue mikono yake na kwenda kibonye kimoja kimoja, kwa vidole kumi, taratibu, akitafuta.

"Ona ona!" Koos akapiga kelele. "Kumbe piano anaijua!"