Maji ya Lambo Yaliyotiwa Dawa

Sijapata kuukasirikia usafi kama nilivyoukasirikia katika shule ya bweni niliyofundisha biolojia, nje kidogo ya Katesh. Kwa mtihani wa vitendo wa kidato cha pili niliagiza maji ya lambo wanakonyweshea ng'ombe, pamoja na matope yake, kwa kuwa humo ndimo anamoishi paramesiamu: seli moja tu, iliyozungukwa na vinyweleo vya kuogelea, yenye vifuko vinavyojaa maji ya ziada na kuyatema nje. Mtunza maabara aliyachota. Kisha, kwa kutii amri ya shule kwamba maji ya lambo yasivuke geti bila kutibiwa, akayatia dawa. Hakuniambia.

Mwalimu wa somo hasimamii mtihani wake, hivyo niliyajua hayo wakati wa kusahihisha. Darasa zima lilichora paramesiamu wa kupendeza, vinyweleo vyote mahali pake, sawasawa na picha iliyobandikwa ukutani. Binti mmoja kutoka kijiji cha Masieda hakuchora. Aliandika: "Sijaona kinachoogelea. Nimeona matope na vipande vya majani."

Nilichungulia hadubini. Alisema kweli. Nikafungua chupa, nikaisikia harufu ya dawa.

Nilimpa alama zote. Mkuu wa idara, ambaye ndiye aliyesimamia, akazifuta; na kwa sifuri ile binti angeondolewa mchepuo wa sayansi.

"Mwongozo unataka mchoro, mwalimu wangu," aliniambia. "Hakuna mchoro, hakuna alama."

Nilimweleza kwamba wengine wamechora ukuta.

"Angalau wao wamesoma," akacheka.

Nilikataa kutia saini matokeo. Nilikwenda lamboni mwenyewe, nikapita getini na chupa chini ya koti kama mwizi, nikaandaa tone na kumwomba mkuu wa idara atazame. Aliinama muda mrefu. Alipoinuka alikiri kwamba kile kifuko kinajaa na kupotea kweli, jambo ambalo amelifundisha miaka yote bila kuliona. Akakubali mtihani urudiwe na darasa zima, kwa sharti moja: niandike katika taarifa ya mtihani kwamba hadubini ilikuwa na hitilafu.

Hadubini ile haikuwa na kosa lolote. Niliandika kwamba maji yalitiwa dawa, viumbe wakafa, na wanafunzi wote isipokuwa mmoja wakachora wasichokiona. Nikaitia saini taarifa hiyo, nikampelekea mezani kwake.