Kinachochelewa Ndicho Kibovu

Usukani wa pikapu ya baba ulikuwa na plei ya robo mzunguko. Yaani unakata kulia, unasubiri, unawaza maisha yako, halafu ndipo tairi zinaelewa. Baba alishauzoea. Siku niliposhuka nayo kutoka Kilema hadi Himo, nikarudi na mgomba wa jirani umelala kwenye bampa, akatoa hukumu: "Binti yangu, gari halina shida. Shida ni mikono yako."

Iliniuma. Jumamosi iliyokuwa inakuja tulikuwa tunapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa posa ya mdogo wangu wa kiume, na macho ya baba hayakuwa ya kuendesha tena, ila nani amwambie? Nilitaka niendeshe mimi. Akasema ataendesha yeye, basi.

Nikamwomba kitu kimoja: tupime. Fundi mmoja wa Himo alishanifundisha. Mmoja anatikisa usukani, mwenzake analala chini ya gari anatazama kila kiungo. Kinachochelewa kusogea ndicho kibovu. Nikaweka mawe kwenye tairi, nikatandika gunia la kahawa, nikajiingiza chini na tochi ya simu. Baba akakaa kwenye kiti kama mtu anayekwenda Arusha.

"Nimekata kulia," akasema.

Tairodi, chuma kinachosukuma tairi, nzima. Bolti za stering boksi, lile sanduku la gia za usukani, zimekaza.

"Kushoto."

Nikapandisha tochi hadi pale mti wa usukani unapoungana na stering boksi. Hapo hukaa kipande cha mpira mgumu, mweusi. Mti ukazunguka. Mpira ukajikunja, ukajishauri, ndipo boksi ikafuata. Na mpira wenyewe ulikuwa wa bluu. Nikafuta grisi kwa kidole, nikaona alama ya kisigino.

Ilikuwa ndala. Nilicheka hadi nikagonga kichwa kwenye chesisi, nikaendelea kucheka.

"Unalia?" baba akauliza huko juu.

"Baba, nani aliweka ndala huku?"

"Hiyo ilikuwa ya muda."

"Tangu lini?"

"Ulikuwa darasa la tano."

Mwenzenu sasa nina watoto wawili. Nikakumbuka miteremko yote tuliyoshuka kwenda kanisani, ukoo mzima umepakiwa nyuma, uhai wetu umeshikwa na ndala. Kisha kicheko kikanirudia vibaya zaidi. Baba alijaribu kununa, akashindwa. Nikasikia kiti chake kikilia kwi kwi kwi. Mama akatoka jikoni, akaichungulia ile ndala, akasema yule mbwa wetu marehemu alipigwa bure kwa kosa la kuiiba.

Kesho yake tulinunua mpira wenyewe Himo, ukafungwa, na plei ikaisha. Jumamosi tukapakia madumu ya mbege, vifuniko tumevilegeza kwa ajili ya povu. Baba akazunguka gari mara mbili, akaingia upande wa kushoto, wa abiria. Nikakaa kwenye usukani. Nikashuka mteremko taratibu, na halikumwagika hata tone.

Kwa wakwe, mzee mmoja akaja na kata ya mbege kumpoza dereva, akampa baba. Baba akaonja, akanielekeza kwa kidevu.

"Dereva ni huyu," akasema. "Na msimpe mbege, ndiye anayenirudisha nyumbani."

Sijawahi kunyimwa kitu nikafurahi namna ile.